Bibi Kama Mkuu wa Kaya: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Ustawi wa Jamii

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mnaojiandaa kuingia kwenye kazi hii: kwa wanaostahili shikamooni, na kwa waliobaki habari za mchana.

Nimepewa saa moja niongee juu ya wazee na familia. Mada hiyo ni pana mno, kwa hiyo nimeipunguza bila kuomba ruhusa. Nitaongea juu ya bibi tu, yule mwenye wajukuu wengi nyumbani, na juu ya kile anachokifanya tangu anapoamka mpaka anapolala. Mifano yangu mingi itatoka Kagera, hasa Muleba, kwa sababu huko ndiko nilikofanyia kazi muda mrefu. Mtu wa Pemba au wa Lindi atatuambia baadaye kwao mambo yakoje.

Nianze na hesabu ambayo mmefundishwa hapa hapa chuoni. Wataalamu wa takwimu wana kipimo wanachokiita uwiano wa utegemezi. Wanachukua watoto wa miaka 0 hadi 14, wanawajumlisha na watu wa miaka 65 na kuendelea, halafu wanagawanya kwa idadi ya walio kati ya 15 na 64. Kwa kipimo hicho, makundi mawili ya kwanza yanalishwa, na kundi la katikati ndilo linalolisha. Kwa kupanga mambo ya nchi nzima kipimo kinafaa, siwazuii kukitumia. Ila ukiingia nacho kwenye nyumba moja ya kule Kamachumu, Muleba, kitakuambia kwamba mama wa miaka 71 anamtegemea mwanawe wa miaka 28 aliyeko kijiweni na bodaboda ya mkataba. Kijana huyo anakula kwa mama yake. Siku ambazo abiria hawakupatikana, hela ya petroli ya kesho yake inatoka kwenye fundo la khanga la mama yake. Marejesho ya wiki yakipungua, mwenye pikipiki haendi kijiweni kumtafuta kijana, anakuja nyumbani kuongea na mama.

Hicho ndicho ninachotaka mtoke nacho hapa, na mengine yote nitakayosema yanakizunguka: katika kaya kubwa za kwetu, anayeandikwa kuwa analelewa mara nyingi ndiye anayelea. Afisa asipoliona hilo siku ya kwanza, msaada wake wote atauelekeza pasipo.

Kaya yenyewe niwapangie. Jina la mama huyu nalihifadhi, tumwite Bibi. Ndani ya nyumba kuna watu kumi na mmoja. Bibi mwenyewe. Binti yake aliyerudi kutoka kwenye ndoa, na watoto wake wawili. Huyo kijana wa bodaboda. Wajukuu watatu, watoto wa mwanawe wa kwanza, ambaye yeye na mkewe walishatangulia mbele ya haki. Wajukuu wawili walioletwa kutoka Mwanza, maana mama yao anauza chakula kule na amepanga chumba kimoja. Na mmoja aliyeletwa kutoka Dar es Salaam akiwa bado ananyonya, "kwa muda tu, mama, nikae sawa kidogo." Sasa yuko darasa la pili. (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mnamjua. Wengine wenu humu ni huyo mtoto.

Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Bibi anakagua. Anapita chumba hadi chumba na tochi ya simu, anaweka kiganja kwenye paji la uso la kila mtoto, halafu shingoni. Muleba malaria tunaijua vizuri. Kwa kiganja kile anaamua nani anakwenda shule na nani anapelekwa zahanati, na anaamua mapema, kabla mtoto hajaanza kutapika. Anapapasa na godoro pia. Aliyekojoa haamshwi kwa kelele. Anaamshwa wa kwanza, peke yake, ili shuka lifuliwe kabla wenzake hawajafumbua macho kumcheka. Nimekuwa nikiwauliza akina mama vijana wenye watoto wawili au watatu kama wanafanya hivyo. Wengi wananiambia hawana nafasi. Bibi ana watoto wanane chini ya paa moja na nafasi anaipata.

Kisha maji. Chemchemi iko bondeni, na watoto wanakwenda na madumu kabla ya shule. Hapa Bibi ana kanuni ambayo hakuiandika popote: wawili waliogombana jana hawatumwi pamoja. Anawapanga kila asubuhi upya, na ukimuuliza kwa nini leo Fulani ameenda na Fulani, atakupa historia ya ugomvi wa penseli wa juzi mpaka mwisho wake. Mdogo kabisa naye anabeba kichupa cha lita moja. Maji yale hayana kazi kubwa. Anabebeshwa ili asibaki nyuma analia na ili mwili uzoee njia.

Sasa twende shambani. Kibanja cha Mhaya kipo mlangoni: migomba, chini yake mibuni, katikati maharage na magimbi. Nje ya hapo kuna rweya, yale majani ya wazi, ambako wanawake tangu zamani walikuwa na vijishamba vyao vya njugumawe na viazi. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, vibanja vingi viliteketea. Ugonjwa ule ni wa bakteria na unasafiri kwa panga. Ukikata mgomba mgonjwa kisha ukakata mzima kwa panga lile lile, umeupanda. Wadudu nao wanaubeba kutoka kwenye ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu. Mabwana shamba wakafundisha ua hilo livunjwe mapema, na livunjwe kwa kijiti chenye panda, lisiguswe na chuma. Kwa Bibi, kazi hii ni ya watoto wa darasa la tatu na la nne. Amewachongea vijiti virefu, na Jumamosi wanashindana nani amevunja mengi. Anayepanda juu ya kigoda na kuukwaruza mgomba anakosa zamu. Sijaona mafunzo ya ugani yaliyofika mbali kwa gharama ndogo namna ile.

Nisimame kidogo kwenye chakula, maana hapa ndipo ukubwa wa kaya unapoonekana.

Ndizi zinamenywa mchana na yeyote aliyeko, zinapikwa na maharage, chungu kinafunikwa kwa majani ya mgomba. Kupika, binti yake anaweza, na wajukuu wa kike wanaweza. Kupakua ni kwa Bibi, na hapokei msaidizi. Nilikaa naye jikoni nikiangalia. Anapakua kwenye sinia mbili. Ya kwanza ni ya wadogo, kuanzia yule wa kichupa cha lita moja mpaka wa darasa la pili. Ya pili ni ya wakubwa. Nikamuuliza kwa nini asiweke sinia moja kubwa, wapo ndugu wale. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Mwanangu, mkubwa ana mkono mrefu na meno yote. Mdogo atakula maneno." Kwenye sinia ya wadogo anakaa yeye mwenyewe, na dhaifu kuliko wote anakaa kushoto kwake, upande ambao mkono wake wa kulia unafika bila kuonekana unafanya upendeleo. Anasukuma maharage upande ule huku anaongea na wengine. Yai likipatikana, linakwenda kwa mtoto mmoja wa marehemu kwa sababu nitakayoieleza, na wenzake wanajua ni "dawa ya kifua", kwa hiyo hakuna anayedai.

Na Bibi mwenyewe anakula nini? Anakwangua chungu. Huwa anasema ndiyo sehemu tamu. Ukimpima uzito utajua kama ni kweli. Kwa hiyo mkipewa jukumu la kutathmini lishe ya kaya, msipime watoto peke yao mkaondoka. Mpimeni na mgawaji.

Jambo la jikoni halijaisha. Jiko ni la mafiga na kuni, dirisha ni dogo, na moshi wa miaka hamsini umekaa machoni. Macho mekundu. Kule Usukumani, macho hayo hayo yamewaponza akina bibi wengi: wameitwa wachawi, wengine wameuawa kwa mapanga, na chanzo ni moshi wa chakula walichokuwa wanawapikia watu. Sitalikalia hilo leo, linahitaji mhadhara wake. Lakini ukiona mradi wa majiko sanifu, yale yenye moshi kidogo, unatajwa kwenye mambo ya misitu peke yake, inua mkono.

Fedha. Bibi ana vyanzo vitatu: kahawa, kinachotumwa na watoto walio mjini, na mauzo madogo madogo ya ndizi, parachichi, na senene msimu wake ukifika. Kahawa ndiyo kubwa, na ndiyo yenye mtego. Shule zinafunguliwa Januari. Kahawa ya robusta inaanza kuiva katikati ya mwaka. Kati ya hapo kuna viatu, sare, madaftari, na mchango wa uji. Ni kweli kwamba tangu 2016 elimu ya msingi na sekondari ya chini ni bila ada, na jambo hilo limewasaidia sana akina bibi. Ila ada haikuwa mzigo pekee. Basi anakuja mtu Januari na noti mkononi, anaitazama mibuni ikiwa bado maua au punje changa, anakadiria magunia, na anainunua pale pale juu ya mti kwa bei anayoitaja yeye. Hiyo ndiyo butura. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wanaikemea kila msimu, na bado ipo. Ipo kwa sababu mtoto hawezi kwenda kidato cha kwanza peku akisubiri Julai. Ukitaka kuiondoa butura, usimkamate Bibi. Mtafutie mkopo wa Januari.

Fedha kutoka mjini zinakuja kwa simu. "Mama, pokea hiyo ya chumvi." Ya chumvi maana yake elfu kumi, mara nyingine elfu tano, na mtumaji anaona amelea. Simu ni ya Bibi, lakini ujumbe unasomwa na mjukuu wa darasa la sita, na namba ya siri anaijua yeye. Wataalamu wa usalama wa fedha watakuambia hilo ni kosa. Mimi nilimwona mtoto yule akisoma ule ujumbe maarufu, "ile hela tuma kwenye namba hii", akamwambia bibi yake, "Huyu tapeli, bibi, mfute," na akamfuta. Hatari ipo, sikatai. Kuna nyumba nyingine ambako mjukuu ndiye aliyekuwa tapeli. Uamuzi wa nani amsomee ujumbe Bibi ameufanya kwa macho yake mwenyewe: amempita mkubwa wa miaka kumi na saba akamchagua wa kumi na mbili.

Nirudi kwa mtoto wa yai.

Mnajua kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983, watatu. Kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeshatoa taarifa za wagonjwa. Nyinyi mmezaliwa baadaye, mnaisoma kama historia. Sisi tuliona vijiji ambavyo katikati ya babu na mjukuu palibaki pengo, kizazi cha katikati kimeondoka. Bibi ambaye alitegemea mwanawe amjengee na amzike, akamzika yeye, kisha akaanza tena kubembeleza watoto akiwa na miaka sitini. Watu wa nje walikuja wakauliza vituo vya yatima vijengwe wapi. Vilijengwa vichache. Watoto walio wengi walilelewa kwa akina bibi, bila bajeti na bila kibao barabarani.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kwa kaya za namna hii ndipo Bibi alipopewa kazi nyingine, ya uuguzi. Mtoto wa mwisho wa marehemu anameza vidonge kila siku, saa ile ile. Bibi hasomi saa ya ukutani vizuri, lakini redio anayo. Ngoma ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikilia, mtoto anaingia chumbani kwa bibi "kuchukua shuka", na anatoka amemeza. Ndani ya nyumba ya watu kumi na mmoja, wanaojua ni watatu: Bibi, binti yake na mtoto mwenyewe, ambaye aliambiwa na Bibi, kidogo kidogo, kuanzia alipoanza kuuliza kwa nini yeye tu. Mhudumu wa kliniki aliniambia mtoto yule hajawahi kukosa dozi. Nikawaza juu ya wale tunaowaita kwenye semina za ufuasi wa dawa na kuwalipa posho.

Mtaniuliza: je, haya ni ya Kagera tu, ni matokeo ya msiba? Hapana. Msiba uliongeza mzigo, kazi yenyewe ni ya kale sana. Utafiti mmoja maarufu duniani juu ya bibi ulifanyika hapa hapa kwetu, kando ya Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Kuanzia miaka ya 1980, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walifuatana na akina mama wa Kihadzabe porini, wakapima nani anatafuta chakula kwa saa ngapi na watoto wanaongezeka uzito kiasi gani. Wakakuta wanawake waliokwisha kukoma kuzaa ndio wanaotumia saa nyingi zaidi kuchimba mizizi kwa mti wa kuchimbia, kwenye ardhi yenye mawe. Mama akiwa hana mtoto mchanga, ukuaji wa watoto wake unafuata juhudi zake. Akijifungua, mkono wake ukawa na mchanga, ukuaji wa yule aliyeachishwa ziwa unafuata juhudi za bibi yake. Maandishi yao ya 1997 na 1998 yakaenda mbali zaidi: wakasema huenda ndiyo sababu mwanamke anaishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi, jambo ambalo kwa sokwe halipo namna hiyo. Wapo wanasayansi wanaolipinga hilo la mwisho, na mjadala unaendelea. Lakini vipimo vya Eyasi juu ya nani alilisha nani vipo.

Wengine wakachukua kumbukumbu za vijiji vya Gambia, zilizokusanywa na daktari Ian McGregor kati ya 1950 na 1974. Rebecca Sear na Ruth Mace walipozichambua, waliona mtoto mwenye bibi mzaa mama aliye hai alikuwa na uzito mzuri zaidi na nafasi kubwa zaidi ya kupona ile miaka ya hatari baada ya kuachishwa ziwa. Bibi mzaa baba hakuleta tofauti ile. Na baba mwenyewe? Kuwepo kwake au kutokuwepo hakukuonekana kubadilisha uhai wa mtoto. (Kicheko, na minong'ono upande wa wanaume.) Msinikasirikie mimi, kakasirikeni na Gambia. Na kwetu Uhayani, mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo kwa mila yatima anabaki kwenye kibanja cha upande ule. Nimeona mabibi wazaa baba waliolea vizuri mno. Kwa hiyo usichukue jibu la Gambia ukalibandika Muleba; chukua swali lao.

Kuna kazi nyingine ya Bibi ambayo mzani haupimi. Utani. Wajukuu wa kiume wote ni waume zake. Anawauliza mbele za watu mahari yake iko wapi, anawatishia talaka wasipoleta kuni. Wa kike ni wake wenza, wanagombania mume mmoja wa darasa la kwanza. Hii si michezo mitupu. Kwa sababu ya utani ule, binti wa miaka kumi na mitatu anapoona damu mara ya kwanza hamwendei mama, anamwendea mke mwenzie. Kijana anayetaka kuacha shule anamwambia bibi kwanza, maana bibi atamcheka kabla hajamgombeza. Mambo yanafika kwake yakiwa bado mabichi. Mwalimu anayapata yakiwa yameiva, na sisi ustawi wa jamii tunayapata yakiwa yameoza.

Sasa nisimfanye malaika. Bibi ana upendeleo. Huyu niliyewaelezea anampendelea mtoto wa Dar es Salaam, na wenzake wanajua. Madumu makubwa yanabebwa na wasichana, baiskeli inaendeshwa na mvulana. Mjukuu mmoja wa jirani yake alipopata mimba akiwa kidato cha pili, ni bibi wa kule aliyekwenda kukaa na familia ya mhusika kupanga fidia kimya kimya, na sisi tukajua mtoto akiwa ameshazaliwa. Alisema alikuwa anaficha aibu. Aliyefichwa ni mhalifu. Mtakutana na hili, na itabidi mchukue hatua dhidi ya mtu mnayemheshimu. Chukueni.

Na kuna siku Bibi anaugua. Malaria ilimlaza mwaka mmoja, na niliyemkuta akiendesha nyumba alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Anagawa kwenye sinia mbili, wadogo kwake, dhaifu kushoto. Hakuwa amekwenda shule wiki nzima. Kwenye daftari la mahudhurio aliandikwa mtoro.

Nimalizie na ardhi, maana hapa ndipo ulezi wote unapoweza kubomoka kwa siku moja. Chakula chote nilichokitaja kinatoka kwenye kibanja, na kibanja ni cha ukoo. Bibi yupo pale kama mjane wa mwenye nacho. Wanafunzi wa sheria wanaijua kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Na nyinyi ijueni. Mama mmoja wa Muleba alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Umri ukamwendea, hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Ndugu yake mmoja, ambaye huyo mama ni shangazi yake, akafungua kesi mahakama ya mwanzo Kashasha kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwanzo akashinda, wilayani akashindwa, akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizomo kwenye Katiba, na mwanamke ana haki ile ile aliyonayo mwanamume. Hukumu hiyo inafundishwa mpaka nje ya nchi. Mimi huwa naisoma kwa sababu nyingine pia: ndani yake kuna mzee aliyekuwa na ardhi na asiye na wa kumpa maji. Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hati ya hakimiliki ya kimila ambayo mwanamke anaweza kuandikwa jina. Anaweza. Nendeni mkahesabu waliokwisha kuandikwa kwenye vijiji vyenu vya mazoezi.

Kuhusu pensheni nitakuwa mfupi. Zanzibar, Aprili 2016, kila mwenye miaka 70 na zaidi alianza kulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Kenya wana Inua Jamii, mpango ambao nao huwapa wazee fedha. Bara tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, yenye matibabu bure, na akina bibi watawaambia kwamba bure hiyo huishia dirisha la dawa. Pale Nshamba, Muleba, shirika liitwalo Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa akina bibi fedha kidogo za kila mwezi mkononi, bila masharti ya semina. Walipofuatilia zilikokwenda, zilikwenda kwenye chumvi, sabuni na viatu vya shule. Zilikwenda kwa wajukuu. Anayeona pensheni ya wazee ni gharama ya kuwatunza watu waliokwisha kuchoka, akaangalie miguu ya watoto wa Nshamba.

Mtakapokwenda mazoezini mtapewa fomu ya kaya. Mstari wa kwanza unauliza jina la mkuu wa kaya. Mtu atakayewajibu mlangoni atawatajia mwanamume, hata kama yuko Mwanza na hajaonekana tangu Pasaka. Andikeni, maana fomu inataka. Halafu geuzeni karatasi, nyuma muulize: nani anapakua? Nani anajua mtoto gani alikohoa jana usiku? Nani akiugua wiki moja mtoto mwingine anaacha shule? Mkishapata majibu, ndipo mpange msaada unapitia kwa nani.

Huyu Bibi wa Kamachumu nilimuuliza mara ya mwisho anataka afisa amletee nini. Nilitegemea atasema godoro au mabati. Alitaka nimwandikie barua kwa mwenyekiti wa kijiji, kibanja kipimwe na majina ya wale watatu wa marehemu yaingizwe kwenye hati pamoja na lake, wakiwemo wasichana wawili. Shemeji zake wamekataa. Mwanawe wa bodaboda bado hajasema yuko upande gani. Kikao cha ukoo kimewekwa baada ya msimu wa kahawa, na nimealikwa kama shahidi.

Karibuni maswali. Tuanze na yule dada wa nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipoitaja Gambia.